Shahidi Asiyeapishwa: Mavazi Mbele ya Mahakama

Tarehe 26 Aprili 1968, kijana wa miaka 19 aliingia katika jengo la mahakama jijini Los Angeles, Marekani, akiwa amevaa koti lenye maandishi. Yalikuwa tusi la nguoni, nalo kweli lilikuwa nguoni: aliutukana mfumo wa kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima wakati wa vita vya Vietnam. Paul Robert Cohen hakuwa mshtakiwa siku hiyo. Alifika kutoa ushahidi katika shauri la mtu mwingine. Koridoni walikuwemo wanawake na watoto, na kila aliyejua kusoma alisoma.

Alipofika mlangoni mwa chumba cha mahakama, Cohen alilivua koti, akalikunja, akaliweka mkononi. Askari aliyekuwa akimfuatilia akampelekea jaji kikaratasi cha kumshauri amtie hatiani kwa kudharau mahakama. Jaji akakataa, kwa kuwa mbele yake hakukuwa na dharau yoyote: alichokiona ni kijana mwenye koti mkononi. Askari akamvizia nje, akamkamata koridoni kwa kosa la kuvuruga amani. Cohen akahukumiwa kifungo cha siku 30. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Wanasheria hufundishwa kesi hii kama somo la uhuru wa kusema. Ni wachache wanaokumbuka kwamba koti lilivuliwa mlangoni. Kijana yule, pamoja na ukali wote wa maneno yake, alijua kwamba koridoni ni mahali pamoja na mbele ya jaji ni mahali pengine. Wengi wanaofika mahakamani, Dar es Salaam, Mombasa au Chicago, hawaivuki tofauti hiyo kwa makusudi. Wanaivuka bila kujua, na wakati mwingine wanavushwa na wengine.

Mhadhara huu una hoja moja. Nguo ya mtu anayesimama mahakamani ni ushahidi unaotolewa kabla ya kiapo, na hakuna wakili wa upande wa pili anayepewa nafasi ya kuuhoji. Hakimu huuona, wazee wa baraza huuona, karani na askari huuona, kisha kila mmoja hujidai hakuuona. Kwa sababu hiyo mwenye kesi anapaswa kuchagua nguo yake kwa uangalifu uleule anaochagulia maneno. Na mahakama, kabla ya kukasirika, inapaswa kujua kama aliyesimama mbele yake amechagua kweli.

Wa kuanzia ni wale ambao hawakufikiri, maana ndio wengi. Kaptula ya mazoezi. Kandambili. Miwani ya jua ambayo mwenyewe hata hakumbuki kwamba bado iko usoni. Kofia ya kapelo iliyogeuzwa kisogoni. Suruali inayoteremka hadi nguo ya ndani ikaonekana, mtindo ambao vijana wa Afrika Mashariki wanauita mlegezo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha kosa la jinai, ila kila kimoja kinamwambia hakimu kwamba huyu bwana aliamka asubuhi, akavaa kama anayekwenda dukani kununua vocha, akapitia mahakamani.

Fulana zenye maandishi zina hatari yake, na katika ukanda huu hatari hiyo ina historia ya kibiashara. Nguo nyingi tunazovaa zimetoka kwenye mabelo ya mitumba: Karume na Mchikichini kwa Dar es Salaam, Gikomba kwa Nairobi, Kongowea kwa Mombasa, Owino kwa Kampala. Fulana iliyochapishwa kwa ajili ya sherehe ya kulewa ya wanafunzi wa chuo huko Ulaya au Marekani inauzwa hapa kwa bei ya chai na vitumbua, na anayeinunua anatazama kitambaa na rangi. Maneno ni mapambo tu. Kisha siku ya kesi anasimama kizimbani kifua kikitangaza mzaha wa bangi, au jambo la chumbani, kwa Kiingereza ambacho yeye haelewi na hakimu anakielewa vizuri sana. Cohen alijua alichokiandika. Huyu wa kwetu anabeba matusi ya mtu mwingine.

Kanga ni kinyume chake. Hapo mvaaji anasoma, mshtakiwa anasoma, mashahidi wanasoma, na mahakama nzima inajua ujumbe ni wa nani. Pwani ya Afrika Mashariki imezoea kwa zaidi ya karne moja kwamba jina la kanga linaweza kusuta, kubembeleza au kumchimba mtu bila mdomo kufunguliwa. Mwanamke anayekwenda kwenye shauri la ndoa Mahakama ya Mwanzo huku amejitanda kanga ya kumsuta mke mwenzie amekwisha kusema jambo ambalo, kama angelisema kwa sauti, hakimu angemkatiza. Na kwa kuwa hakulisema kwa sauti, haliingii kwenye mwenendo wa kesi, halijibiwi, wala halikatiwi rufaa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kanga, na ndiyo maana shauri la talaka linahitaji kanga yenye jina la upole au isiyo na ugomvi na mtu.

Nguo za vyama vya siasa, na jezi za Simba na Yanga, ziingie katika fungu hilohilo. Mtu anaweza kudhani jezi haina ubaya. Basi aikumbuke siku ya dabi, halafu ajiulize hakimu wake anashabikia timu gani.

Sheria yenyewe inasema nini? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na kifungu cha 121 cha sheria kama hiyo ya Kenya, kinafanya kuwa kosa kuonyesha dharau kwa maneno au kwa mwenendo mahali shauri linaposikilizwa. Nguo haikutajwa. Kanuni za mavazi zinazotajwa kwa kina ni za mawakili na majaji: suti ya rangi ya giza, joho, kola nyeupe na vile vitambaa viwili vya shingoni. Mwananchi wa kawaida ameachiwa neno moja pana, mwenendo, na tafsiri yake iko mikononi mwa hakimu wa siku hiyo.

Pengo hilo limezibwa na mabango. Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 uliwaelekeza watumishi wa umma wa Tanzania mavazi yanayofaa kazini na yasiyofaa, na tangu hapo picha za sketi fupi, suruali za kubana, kaptula na migongo wazi, kila moja imepigwa alama ya mkato mwekundu, zimetundikwa kwenye milango ya ofisi nyingi. Waraka uliandikwa kwa ajili ya mtumishi, lakini bango humzuia mgeni. Mlinzi wa getini, ambaye hakusomea sheria, ndiye anayekuwa hakimu wa kwanza, na hukumu yake huwaangukia wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Hili la wanawake lina mizizi mirefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam, likaanza kutekelezwa Januari 1969 chini ya jina la Operesheni Vijana, na kuna wasichana waliosumbuliwa vibaya barabarani na kwenye mabasi. Uganda, Idi Amin alizipiga marufuku sketi fupi kwa amri ya mwaka 1972. Kwa hiyo mwanamke anapozuiwa kuingia mahakamani kwa sababu ya goti, haoni kanuni ndogo ya adabu ya chumba. Anaona mkono uleule wa zamani, na kumlaumu kwa kuona hivyo itakuwa vigumu.

Sasa tuje kwa wale ambao hawakuchagua, ambao mabango hayawajui kabisa.

Mtu anakamatwa usiku. Yuko na bukta na singilendi, au na msuli, kama watu wanavyolala katika miji yenye joto. Kwenye kaunta ya kituo cha polisi anavuliwa mkanda na viatu, kamba zinaondolewa ili asijidhuru wala asimdhuru mwenzake. Analala sakafuni. Kesho yake au keshokutwa anapakiwa kwenye karandinga pamoja na wenzake, anashushwa nyuma ya mahakama, na anaingia kizimbani peku, mkono mmoja umeshika suruali isianguke. Karani anapiga kelele, "Koorti!", wote wanasimama, na macho yote yanaona muhuni. Ule mlegezo ambao bango linaukataza, huyu amevalishwa na dola yenyewe. Mkanda wake umefungiwa kwenye droo ya kaunta.

Ndugu wanaojua mambo huja mapema na mfuko wa plastiki wenye shati lililopigwa pasi, wakimwomba askari amkabidhi kabla kesi haijaitwa. Mara nyingine askari hukubali. Asiye na ndugu mjini hana wa kumletea shati.

Hakuna kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko kile cha Nelson Mandela, kwa kuwa yeye alipitia pande zote mbili katika mji mmoja ndani ya muda wa mwaka mmoja. Oktoba 1962 alifikishwa mahakamani Pretoria, katika jengo lililokuwa sinagogi, akishtakiwa kwa kuchochea wafanyakazi kugoma na kutoka nje ya nchi bila pasipoti. Wakili huyu aliyesifika kwa suti zake zilizoshonwa barabara aliingia amejitanda ngozi ya chui, vazi la asili la watu wa tabaka lake miongoni mwa Waxhosa. Mkewe Winnie alikuja na sketi ndefu ya Kixhosa na shanga kichwani. Watu waliojazana upande wa wasikilizaji wakasimama na kunyoosha ngumi.

Mandela alieleza baadaye kwamba alilichagua vazi lile aonekane kuwa ni Mwafrika anayeingia katika mahakama ya mzungu akiwa amebeba historia ya watu wake mgongoni. Wakuu wa gereza walielewa haraka. Walitaka kumnyang'anya, akakataa na kuwaambia kwamba yuko tayari kulipeleka jambo hilo mahakamani. Wakasalimu amri nusunusu: alivae ndani ya chumba cha mahakama tu, alivue akiwa njiani, lisije likawatia moto wafungwa wengine. Tarehe 7 Novemba akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Vazi halikumpunguzia hata siku moja, wala hakulitegemea kwa hilo.

Oktoba 1963, katika jiji hilohilo, aliletwa tena kwa ajili ya ile kesi iliyokuja kuitwa ya Rivonia. Safari hii alikuwa mfungwa, na serikali ndiyo iliyomchagulia nguo: kaptula ya kaki na makubazi duni. Wafungwa Waafrika walivalishwa kaptula kama watoto wa shule au maboi wa nyumbani, huku wafungwa wenye asili ya Kihindi wakipewa suruali ndefu. Mandela alikuwa na umri wa miaka 45. Yeyote anayesema kwamba nguo ya mshtakiwa ni jambo dogo afikirie kwa nini serikali ya makaburu ilijisumbua kugawa suruali kwa rangi ya ngozi.

Miaka mingi baadaye jina lake lilipewa kanuni ambazo zinagusa jambo hilihili. Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha toleo jipya la kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Ya 19 inasema mfungwa anapotolewa nje ya gereza kwa shughuli iliyoruhusiwa aachwe avae nguo zake, au nguo nyingine zisizomtambulisha. Ya 115 inampa mahabusu haki ya kuvaa nguo zake ikiwa ni safi na zinafaa. Akipewa sare, iwe tofauti na ya waliokwisha kuhukumiwa.

Rwanda imechukua njia ya tofauti hiyo kwa rangi: waridi kwa anayesubiri hukumu, chungwa kwa aliyekwisha kuhukumiwa. Dunia iliiona rangi ya waridi mwaka 2021, Paul Rusesabagina, aliyepata umaarufu kupitia filamu ya Hotel Rwanda, alipofika mahakamani Kigali akiwa ndani ya sare hiyo. Kanuni ya 115 inaweza kuridhika. Lakini macho ya mtazamaji hayana hesabu ya rangi, nayo yanaona sare ya gereza.

Marekani ilibishana hadi mwisho kuhusu hoja hii. Mwaka 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Williams lililoanzia Texas, Mahakama ya Juu ilisema dola haiwezi kumlazimisha mshtakiwa asimame mbele ya raia wanaoamua kesi yake akiwa na nguo zinazotambulika kuwa za gerezani, maana zinaitafuna ile dhana kwamba hana hatia. Maneno mazuri. Kisha mahakama hiyohiyo ikamnyima mshtakiwa huyo ushindi, kwa kuwa wakili wake hakumlalamikia jaji siku ya kesi. Mwenyewe alikuwa ameomba nguo zake kwa askari wa mahabusu akakataliwa. Haki ya kuvaa suruali yako, kumbe, inahitaji mtu wa kuisemea kwa wakati. Ofisi nyingi za mawakili wa umma nchini humo huweka kabati la suti na mashati ya kuazima kwa wateja wasio na kitu, na huenda makabati hayo yametenda haki zaidi kuliko hukumu yenyewe.

Wenye nazo wana balaa lao tofauti. Mwaka 2002 mwigizaji Winona Ryder alishtakiwa kwa kuiba bidhaa za maelfu ya dola katika duka la Saks Fifth Avenue, Beverly Hills. Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na nguo ya mbunifu Marc Jacobs. Na katika kesi hiyo alionekana amevaa mavazi ya Marc Jacobs. Alipatikana na hatia. Mwaka uliofuata mbunifu huyo alimtumia kwenye matangazo yake. Mwaka 2019 jijini New York, Anna Sorokin, aliyetapeli benki na hoteli kwa kujifanya mrithi wa mali nyingi, alikuwa na mtu wa kumchagulia mavazi ya kesi, na kuna siku alichelewesha shughuli kwa sababu nguo hazikumridhisha, hadi jaji akamkemea. Mtu anayeshtakiwa kwa kuishi maisha ya kifahari asiyoweza kuyalipia, anagoma kutoka kwa sababu ya gauni! Mwendesha mashtaka angetafuta kielelezo gani zaidi?

Lakini mtu asikimbilie kusema kwamba nguo humfunga mtu. Machi 2005, huko Santa Maria, California, Michael Jackson alichelewa kufika kwenye kesi yake kwa sababu alikuwa hospitali, jaji akatishia kutoa hati ya kumkamata, na mwimbaji akatokea amevaa koti la suti juu na suruali ya kulalia chini. Picha ilizunguka dunia nzima. Miezi mitatu baadaye aliachiwa kwa mashtaka yote.

Kwetu kosa la wenye nazo huonekana zaidi katika mashauri ya madai. Baba anayeapa kwamba hana uwezo wa kulipa matunzo ya mtoto huku mkononi inang'aa saa ya dhahabu. Mdaiwa anayeomba alipe kidogokidogo akiwa na viatu ambavyo bei yake ingemaliza nusu ya deni. Kuna pia upande wa pili, yule anayekopa suti ya shemeji, mabega yanamzidi, mikono ya koti inafika kwenye vidole, akidhani kwamba mahakamani ni lazima suti. Si lazima. Shati safi lililofungwa vifungo na suruali iliyokaa kiunoni vinamtosha mkulima, na kanzu safi inamtosha mzee wa Pwani.

Wapo wanaokusudia kuudhi, na hao inafaa wapimwe kwa walichokusudia. Februari 1970 Abbie Hoffman na Jerry Rubin, waliokuwa wakishtakiwa Chicago pamoja na wenzao kwa vurugu za wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic mwaka 1968, waliingia mbele ya Jaji Julius Hoffman wamevaa majoho ya kijaji. Walipoyavua, chini yake kulionekana shati la polisi wa Chicago. Ilikuwa tamthilia kamili kwa mavazi mawili tu: jaji juu, polisi ndani. Adhabu za kudharau mahakama katika kesi ile zilifutwa kwenye rufaa mwaka 1972, ingawa baadhi ya tuhuma zilisikilizwa upya. Mwaka 2013 baba mmoja huko New Jersey alifika kwenye mahakama ya familia kuomba ruhusa ya kumwona mwanawe akiwa amevaa sare kamili ya Wanazi. Yeye pia alikuwa na ujumbe. Ila aliyekuwa akiamuliwa siku hiyo ni mtoto, na mtoto hakuchagua sare ile.

Nigeria ilitoa mfano mgumu zaidi. Tarehe 17 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu wanafunzi wa kike wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule za serikali za Lagos. Siku sita baadaye wakili Malcolm Omirhobo akaingia katika mahakama hiyohiyo miguu mitupu, chaki nyeupe usoni, manyoya kichwani, kauri shingoni, akisema yeye ni mfuasi wa dini ya jadi na hukumu imempa haki ya kuabudu kwa vazi lake. Wengine walicheka na wengine walikasirika. Lakini hoja yake ilikuwa ya kisheria, na kicheko hakikuijibu.

Maana dini ndipo hakimu anapojikwaa mara nyingi. Mei 1893 wakili kijana aliyekuwa amefika tu Durban kutoka India aliketi mahakamani akiwa na kilemba. Hakimu alimkodolea macho, kisha akamwamuru akivue. Mohandas Gandhi alikataa, akatoka nje, akaandika gazetini. Mwaka uliofuata, alipokuwa anaapishwa kuwa wakili wa Mahakama ya Juu ya Natal, jaji mkuu alimtaka avue kilemba kilekile, naye akakivua. Marafiki zake walisononeka. Gandhi aliona kwamba kama wakili amejifunga kufuata taratibu za mahakama, na nguvu zake aziweke kwa vita vikubwa zaidi. Kichekesho ni kwamba wakati ule Mhindi aliyevaa kwa namna ya Waislamu aliruhusiwa kubaki na kilemba. Kitambaa kilikuwa kilekile, na adabu ilibadilika kwa jina la dini.

Karne moja na ushei baadaye, kilemba kimekuwa kofia na hijabu. Huko Bosnia na Herzegovina shahidi aliyekataa kuvua kofia yake ya Kiislamu alitolewa nje na kutozwa faini, kisha akafungwa siku 30 kwa kutolipa. Desemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema amekosewa, na sababu yake ina uzito kwa kila hakimu: shahidi yule aliitika wito, alisimama alipotakiwa kusimama, hakuonyesha dharau yoyote katika mwenendo wake. Kofia haikuwa mwenendo. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ilisema vivyo hivyo kwa mwanamke wa Ubelgiji aliyezuiwa kwa sababu ya hijabu. Na Quebec, Kanada, jaji aliyekataa mwaka 2015 kusikiliza ombi la mwanamke aliyetaka kurudishiwa gari lake, kwa kuifananisha hijabu na kofia na miwani ya jua, alirekebishwa na mahakama ya rufani mwaka 2018.

Nikabu ina swali lake, kwa kuwa inafunika uso wa anayetoa ushahidi. London mwaka 2013 Jaji Peter Murphy aliamua kwamba mshtakiwa abaki nayo wakati wote wa kesi, aivue tu anapotoa ushahidi, tena nyuma ya pazia, asionwe na umma. Pwani yetu, ambako kofia za vito na mabuibui huingia mahakamani kila siku bila mtu kugeuka, ingeweza kuwafundisha wenzetu wa Ulaya jambo hapa, lakini hawajatuuliza.

Wenye mahakama nao si watakatifu. Mawigi ya nywele za farasi, yaliyoingia Uingereza kama mtindo wa wakubwa wa karne ya 17, yalisafirishwa hadi kwenye joto la nchi za tropiki na kubaki huko hata Uingereza yenyewe ilipoyaondoa kwa majaji wa mashauri ya madai mwaka 2008. Kenya ilianza kuyaweka kando mwaka 2011 chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, ambaye mwenyewe alipokuwa akisailiwa aliulizwa hadharani kuhusu kipini cha sikioni mwake, akajibu kwamba hatakivua kwa ajili ya kazi. Aliupata ujaji mkuu na kipini chake.

Tangu mwaka 2020, mashauri yalipoanza kusikilizwa kwa wingi kwa video, matatizo yamebadilika sura. Jaji mmoja wa Florida alilazimika kuwaandikia mawakili kulalamika kwamba mmoja wao alitokea bila shati na mwingine akiwa bado kitandani. Nyumbani hakuna mlango wa kuvulia koti.

Linalowezekana kesho, bila bajeti ya wizara, liko kwenye karatasi ya wito. Samansi humfikia mtu siku kadhaa kabla ya shauri, ikiwa na jina lake, namba ya kesi, saa na chumba. Ina nafasi chini ya sahihi ya karani. Mistari mitatu ya Kiswahili ingetosha hapo: njoo na nguo safi, isiyo na maandishi wala nembo ya chama au timu, vua kofia na miwani ya jua isipokuwa unavaa kwa dini au kwa ugonjwa, ukikosa, njoo hivyohivyo. Mstari wa tatu ndio ambao mabango ya milangoni hayana. Mtu aliyepanda basi usiku kucha kutoka kijijini, akarudishwa getini kwa sababu ya kandambili, anaandikwa kwenye jalada kuwa hakufika, na shauri lake linaweza kuondolewa kwa kutokuwepo. Kwa mahabusu karatasi hiyo haisaidii. Kwake panahitajika agizo kwa mkuu wa kituo kwamba mkanda na viatu vipande karandinga pamoja na mwenyewe, na virudishwe kwake kabla hajaingia kizimbani.